Bafta Hakurogwa, Mwanaidi

Mpendwa ndugu yangu Mwanaidi,

Naanza kwa jina la Mola aliyetutoa wewe na mimi katika tumbo la mama mmoja, na namtakia Mtume wake rehema na amani. Baada ya hayo, desturi inanitaka nikuulize hali yako na hali ya minazi ya baba huko Mwera, kisha nikuarifu kwamba sisi huku Tanga hatujambo. Leo desturi hiyo sitaifuata. Huku tumo katika jambo zito, na wewe unalijua, kwa kuwa ulilianzisha kwa ulimi wako kisha ukaenda kujifungia shamba.

Barua hii sikuitia bahasha. Mchukuzi wake ataisoma akipenda. Nakala nyingine nimeipeleka Usagara, kwa mwenye nyumba ile ambayo jikoni kwake ulisema uliyoyasema, na nimemwomba awasomee wanawake wale wale waliokusikia. Simu zangu huzipokei. Salamu nilizokupelekea kwa mdomo zimerudi bila jibu. Maneno yako uliyatoa mbele za watu mchana kweupe, basi usinitarajie nikujibu kwa kunong'ona.

Nitaanza na paka, kwa sababu wewe ulianza na paka.

Unakumbuka Bafta alivyoingia nyumbani kwangu? Marehemu mke wangu Zubeda, wifi yako, alimwokota mtaroni hapa Raskazone, si mkubwa kuliko ngumi, kagandwa na tope mpaka macho. Wewe ndiye uliyemwosha. Ulimtia ndani ya karai, ukammiminia maji ya vuguvugu kwa kata, na weupe ulipoanza kutokeza ukapiga ukelele, "Wifi, njoo uone! Huyu bafta hasa, bado kushonwa kanzu!" Jina likamganda tangu siku ile.

Paka aliyemtangulia alikanyagwa na bodaboda mbele ya lango letu, na Zubeda aliapa kwamba huyu hatavuka kizingiti. Akamlea ndani kwa ndani. Alikuwa na beseni lake la mchanga, dirisha lake la kuotea jua, na samaki wake wadogo waliochemshwa bila chumvi na kuchambuliwa miiba. Wewe hukuweza kuliona hilo ukanyamaza. "Wifi," ulimwambia, "huyu paka au mwari? Kawekwa ndani, kasingwa kang'ara, sasa tunangoja ngoma tu." Zubeda akakujibu bila kuinua macho kwenye ungo wake, "Na somo yake ni wewe, basi mfunze, usikae kula maandazi yangu bure." Mlicheka nyinyi wawili hadi mimi, niliyekuwa chumbani na kitabu, nikafunga kitabu.

Nayaandika haya ili ujue kuwa sikusahau kwamba ulimpenda Zubeda. Ulimpenda, na alipofariki hukumwacha. Kila Alhamisi alasiri ulikuja kwangu kutoka Usagara kwa bajaji, sufuria la pilau umelipakata, kwa ajili ya sadaka ya usiku wa Ijumaa. Mimi nilimsomea Yasini, wewe ukawapakulia majirani na wapita njia. Hilo ni jambo jema, na sikulikataa wala silikatai leo. Kisha ulichukua bakuli la kauri lenye maua ya buluu, ukachagua vipande vya nyama vilivyoiva kwa kitunguu na saumu na samli, ukavimwagia maziwa ya moto, ukamwekea Bafta chini ya kiti cha marehemu. "Hili fungu la mpenzi wake," ulisema. Machozi yalikutoka, nami yalinitoka.

Mwanzo Bafta alilamba mchuzi akaacha nyama. Baadaye akazoea. Ikawa kila Alhamisi alasiri anakaa mlangoni kukungojea, na wewe unaingia unamwambia, "Haya mwari, pokea zawadi zako." Bakuli halikubakia kitu.

Na Ijumaa akaanza kuumwa.

Alitapika sebuleni, akatapika ukumbini, tumbo likamwenda hata beseni la mchanga likawa halimfai. Alikataa samaki wake, akajikunja chini ya kabati la nguo za marehemu. Siku zilizofuata alipata nafuu, akala, akacheza na tasbihi yangu. Kisha Alhamisi ikaja na Ijumaa yake. Hakuna aliyelitazama bakuli. Wote waliitazama Ijumaa. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kulisema. "Kaka, siku tukufu kama hii, mnyama anaanguka kila wiki? Hili halikuja lenyewe."

Nilikujibu pale pale kwamba siku ya Mungu haileti maradhi, na kwamba paka akitapika tutazame tumboni mwake. Ulinijibu, na mkono wako ulikuwa kiunoni, "Kaka, wewe umesoma, lakini mambo ya walimwengu hayamo vitabuni."

Nani alikuwa akimwuguza Bafta siku hizo? Alikuwa Raya, mke wa mwanangu Twalib, mtoto wa Wete, Pemba, aliyekuja kwetu na sanduku moja na adabu iliyojaa nyumba. Alipiga magoti akafuta sakafu kabla sijatoka chumbani, nisije nikakanyaga najisi na sala yangu ikaharibika. Alimchemshia paka kuku mtupu, bila chumvi wala kiungo, akamchana nyuzi nyuzi, akamlisha kidogo kidogo kwa kidole. Aliweka maji safi kila pembe ya nyumba. Nilimwuliza, "Mwanangu, haya umejifunza wapi?" Akanijibu kwa lafudhi ile ya kwao uliyozoea kuigiza, "Baba, mie sikujifunza. Mtoto akiendesha, kwetu hupewa chakula chepesi. Na huyu si mtoto?"

Hilo, Mwanaidi, ndilo ulilomgeuzia. Rehema yake uliifanya ushahidi. "Kwa nini yeye tu ndiye anayejua kumtuliza? Anayejua kufungua ndiye aliyefunga." Ulinong'ona hivyo jikoni kwangu, na Twalib akakusikia. Alikusikia wewe shangazi yake, uliyembeba mgongoni mama yake alipokuwa akiugua uzazi, na neno lako kwake halina tofauti na neno la mama.

Nakukumbusha sasa Ijumaa ya kombe, na hapa nakandamiza kalamu kwa hasira hata wino unachuruzika.

Nilirudi kutoka msikitini baada ya sala. Nikakuta viatu vigeni barazani. Ndani alikuwa amekaa yule bwana wako anayetibu kwa makombe, sahani nyeupe mbele yake, aya zimeandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa marashi ya mawaridi. Bafta alikuwa amefungwa ndani ya kanga, kichwa tu nje, na wewe umempanua kinywa kwa vidole vyako. Mlimmiminia. Alipaliwa, akajinyoosha, akayatapika yote juu ya msala wa Zubeda.

Nilisema, "Mwanaidi! Mnamnywesha paka maneno ya Mungu, ayatapike sakafuni?"

Hukuona haya. Ulinitazama usoni ukasema, "Kwani yeye si kiumbe cha Mungu?"

Wewe na mimi tulikua katika chuo cha Kurani cha baba. Tulikatazwa kuikanyaga hata ardhi ilipomwagwa maji ya kuoshea mbao zetu za kuandikia, kwa sababu maji yale yalikuwa yamegusa herufi za Kurani. Baba alichimba kishimo mahsusi nyuma ya msikiti na kukizungushia mawe. Ulikuwa mdogo, ulinishika kanzu na kuvuka pale kwa ncha za vidole, umezuia pumzi. Je, ni wewe yule yule? Ni mtoto yule aliyemshika mnyama mgonjwa akamsonga kwa aya?

Na yule bwana, badala ya kukusanya sahani yake na kuondoka, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Paka huyu amempokelea mwenye nyumba. Kitu kilitumwa kwa mzee, yeye akajitia mbele. Nacho kimetoka upande wa bahari." Hakutaja jina, ni mjanja. Aliwaachia nyinyi kazi ya kutaja. Wote mkageuza shingo kumtazama Raya, aliyekuwa keshapiga magoti kuusafisha msala. Alihisi macho yale mgongoni. Nilimwona mkono wake ukisimama juu ya kitambaa.

Nilimtoa bwana yule nyumbani kwangu, na wewe nilikuonya mbele yake. Nilikwambia kwamba kumsingizia mtu uchawi ni buhtani, na kwamba mwenye kuibeba buhtani ataibeba mpaka siku ambayo hakuna wa kumpokea mzigo. Uliitikia, "Nimekusikia, kaka." Kumbe masikio yako yalikuwa kwingine. Ilipofika hitima ile ya Usagara, ukakaa na wanawake wenzako mnakata vitunguu, na katikati ya vitunguu ukasema waziwazi: "Kwa kaka yangu pana uchawi wa Kipemba. Paka ndiye anayetuonyesha. Mke wa Twalib huyo, msiniulize zaidi."

Sikuwapo. Aliyekuwapo ni Raya. Alikuwa anaingia kwa mlango wa uani na sinia la vitumbua alivyoamkia alfajiri kuvichoma kwa ajili ya hitima hiyo. Alisikia kila neno. Aliweka sinia mkekani, akawaamkia wakubwa, "Shikamooni," na hakuna aliyeitikia marahaba. Watu walikula pilau, wakala ndizi, wakanywa kahawa. Vitumbua vile havikuguswa na mkono hata mmoja. Alivirudisha nyumbani kama alivyovipeleka, akaviweka mbele yangu mezani, akasema, "Baba, wewe utakula?" Nilikula. Nilikula mbele yake, kimoja baada ya kimoja.

Uliyotenda baada ya hapo yanajulikana mjini kote. Ulimwita Twalib kwako, ukamwambia mguu wako hautakanyaga tena nyumba aliyomo yule mwanamke, na kwamba baba yake mzazi atakufa mbele ya macho yake. "Ama yeye, ama mimi niliyekulea." Mwanangu ni mtu mzima mwenye kazi bandarini na ndevu usoni. Alikutii kama mtoto wa chuo cha Kurani. Akarudi, akamtamkia mkewe talaka moja huku analia. Naye nina hasira naye, na nimemwambia uso kwa uso. Hili la kwake nitalimaliza naye mwenyewe. Lakini neno lile ulilitia wewe kinywani mwake.

Unaijua sheria, kwa kuwa tulifundishwa sote. Mke wa talaka ya kurejewa hukaa eda yake katika nyumba ya mumewe, ili moyo upate nafasi ya kulainika. Nilimwambia Raya hivyo, nikamsihi abakie. Akaniinamia, akanibusu mkono, akasema, "Baba, nyumba yako naiheshimu. Lakini maji ninayochota hapa, nani atayanywa?" Nilimsindikiza mpaka kwenye boti. Alibeba sanduku lile lile moja. Kabla ya kupanda aligeuka akaniambia, "Bafta usimpe maziwa, Baba. Nimeona yanamsumbua."

Yeye mtuhumiwa ndiye aliyeona.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo limenifanya nishike kalamu, kwa maana yote ya nyuma ningeweza kuyaita ujinga, na mjinga huelekezwa akasamehewa.

Raya aliondoka, Alhamisi ukarudi na pilau lako, na Ijumaa yake Bafta akaanguka tena, vibaya kuliko mwanzo. Ulikuwapo. Ulisema, "Ameacha vitu vyake humu ndani." Nilikataa kusikiliza zaidi. Nilimtia paka kapuni, nikakwambia twende kwa daktari wa mifugo, na ulikubali kwa kuwa ulikuwa na hakika daktari atashindwa. Kwenye bajaji wewe ndiye uliyelipakata lile kapu. Hilo nakukumbusha makusudi. Lilikuwa mapajani mwako. Ulimpangusa mate kwa ncha ya mtandio wako.

Daktari alikuwa binti wa makamo ya Raya. "Shikamoo mzee, shikamoo mama," alisema, nasi tukaitikia. Alimpima Bafta homa, akambonyeza tumbo, akamfunua mdomo na kutazama ufizi wake, ukawa umepauka kama karatasi. Akauliza, "Anakula nini?"

"Samaki wa kuchemsha," nilimjibu.

"Na zaidi ya samaki? Huyu anaishi ndani tu, hawindi, haendi jaani. Kila kinachomwingia tumboni amepewa na mtu."

Nikakutazama. Ulikuwa umeinama juu ya kapu tupu. Ikabidi niseme mimi: pilau, siku ya Alhamisi, nyama yenye vitunguu na saumu, na maziwa.

Yule binti hakututukana. Alieleza kwa upole, kana kwamba anatupa habari za kawaida. Paka wakubwa, alisema, wengi wao hawayawezi maziwa, yanawaharisha. Samli na viungo vinamchafua tumbo. Lakini kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwake, kiwe kibichi au kilichopikwa, kwa sababu kinamharibia damu, na ndiyo maana ufizi umekuwa mweupe. "Kidogo kidogo kila wiki kinatosha kumuua," alisema. "Na huyo aliyekuwa akimpa kuku mtupu na maji mengi, mshukuruni. Ndiye aliyemfikisha hapa akiwa hai." Akampa dawa, akatuagiza arudi kwenye chakula chake cha zamani, na akasema akitapika tena au akikataa kula siku nzima tusikae naye nyumbani kungojea, tumlete.

Nilikwambia twende sasa hivi, tutoke hapa tukaingie ile nyumba ya hitima, ni mitaa michache tu, useme mbele ya mwenye nyumba kwamba ulikosea. Tulikuwa barabarani, dereva wa bajaji anangoja. Ulijifunga mtandio vizuri. Ukasema, "Kaka, hili sasa tusilizungumze tena."

Tusilizungumze tena! Ulipokuwa hujui, ulizungumza mpaka ukaenda kutafuta wasikilizaji. Ulipojua, ukataka kimya. Nilidhani nimekusikia vibaya. Ukaendelea, "Maneno yamekwisha kutoka, yatanyauka yenyewe. Mimi mtu mzima, nikapige magoti kwa kitoto cha Kipemba?" Ukamwambia dereva akushushe kwako, ukanipa kapu kama mtu anayempa mwenzake mzigo usiomhusu, na kesho yake nikasikia umekwenda Mwera.

Tangu siku hiyo Bafta hajatapika. Alhamisi zimekuja na Ijumaa zimepita. Anakula samaki wake, ufizi umerudi rangi, na leo nilipokuwa nasali Dhuha alikuja akakaa kwenye ukingo wa msala, kama alivyozoea kukaa enzi za uhai wa marehemu. Nikitoa salamu kushoto namwona. Namshukuru Mungu kwa afya yake, kisha ghadhabu inanirudia, kwa kuwa kila siku ya uzima wake ni shahidi dhidi yako na wewe hupo kuutazama.

Nilikwenda Wete, Mwanaidi. Kwa umri huu, na kichefuchefu cha baharini unachokijua, nilikwenda. Nilikaa kwenye jamvi la baba yake Raya, kati ya magunia ya karafuu, nikamweleza jambo lote tangu bakuli mpaka daktari. Hakupandisha sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa, akasema, "Bwana mkubwa, wewe sina neno nawe. Kijana wako nae sheria anayo, akitaka kumrejea mkewe katika eda na amrejee, sina uwezo wa kuzuia alichohalalishiwa. Lakini mwanangu hatii guu Tanga na jina lile mwilini. Aliyemvika na aje amvue. Kwa mdomo wake, na pale pale alipomvisha."

Raya alikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia bangili zake. Nilipoaga alitoka, akaniamkia, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Bafta hajambo, Baba?"

Basi hapo ndipo tulipo. Eda inakwenda, na haimngoji mtu. Ikimalizika, Raya atakuwa si mke tena wa Twalib, na nyumba yangu itakuwa imevunjwa kwa bakuli la pilau. Mwanangu anakwenda kazini na kurudi kama mtu aliyetoka maziko. Analolitaka lipo mdomoni mwake, lakini hathubutu kulitamka, maana atamrejea mkewe aje kuishi wapi? Katika mji ambao vitumbua vyake haviliwi?

Sasa nisikilize, nikukumbushe jambo moja tu la Mwera, kisha nikuache.

Kuku wa mama alipotea. Wewe ulikuwa bado hujang'oa meno ya utoto. Ulitoka ukawaambia watu kwamba yule bibi wa Kibondei, jirani yetu wa upande wa kisimani, amemuiba na kumla. Ulidai umeona manyoya. Hukuona manyoya. Kuku akatokea mwenyewe nyuma ya rundo la makumbi ya nazi, na vifaranga nyuma yake. Mama alicheka. Baba hakucheka. Alikuita, akakuuliza, "Umelisema nyumba zipi?" Ukazitaja. Akasimama, akavaa kofia yake, akakushika mkono. "Twende tukalirudishe."

Niliwafuata nyuma. Mlibisha hodi mlango kwa mlango, na kwenye kila mlango ulisema wewe, si baba, kwamba kuku yupo na kwamba ulisema uongo. Ulilia njia nzima, kamasi zinakutiririka. Mlango wa mwisho ulikuwa wa yule bibi. Ulishindwa kusema, ukamkumbatia miguu. Akakuinua, akakupangusa pua kwa leso yake, akasema, "Yamekwisha, mjukuu wangu. Ingia ule." Ulitoka pale na muwa mkononi. Baba alikubeba begani kurudi nyumbani, na ulikuwa unaimba.

Mwanaidi, ulikuwa unaimba. Mimi nilikuona. Uliutoa uzito ule mlangoni mwa watu ukarudi mwepesi kama unyoya. Leo umo katika nyumba ile ile, mlango umeufunga, kisima kiko pale, rundo la makumbi huenda liko pale. Unalalaje?

Hasira yangu haijapoa na sitaki uidhani imepoa. Sitakula nawe sinia moja, wala sitapokea salamu zako za Idi, mpaka uwe umelirudisha neno lile ulikolitoa. Kwanza Usagara, jikoni, mbele ya wanawake wale. Kisha Wete, mbele ya Raya na baba yake. Sikuombi upige magoti. Nakutaka useme ukweli umesimama wima: kwamba Bafta hakurogwa, kwamba aliumwa tumbo kwa chakula, na kwamba chakula kilitoka mkononi mwako. Hata nia yako njema uitaje, kwa maana ni kweli ulimkusudia sadaka marehemu, na Mungu anaijua. Lakini ukweli utangulie.

Baba hayupo wa kukushika mkono. Mkono uliobakia ni huu wangu, umekunjamana na unauma viungo, lakini bado unashika. Nitakuja Mwera mwenyewe kukuchukua ukinipelekea neno moja tu. Tutabisha hodi pamoja, nami nitasimama nyuma yako kama nilivyosimama siku ile.

Bakuli lako la maua ya buluu nimeliosha na kuliweka kabatini. Nyumbani kwangu halitapakuliwa tena kwa paka. Jingine sijaweza kulibadilisha. Kila Alhamisi alasiri Bafta anakwenda kukaa mlangoni, masikio kayasimamisha, anasikiliza bajaji. Kila inayopunguza mwendo anainuka. Anakungoja. Hajui kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukimuumiza.

Mimi najua yote, na bado nakaa naye pale mlangoni.

Ni mimi, kaka yako,
tulionyonya titi moja.